Mkataba wa Siku Tatu

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kwaya katika usharika mmoja wa Kilutheri kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kupiga kinanda, alijiona ana haki ya kuniuliza mambo ya kazi yangu bila kupindapinda maneno. Nilipompigia simu mwaka 2011 kumwarifu kwamba nimepata mkataba wangu wa kwanza wa kupiga harpsikodi, ala ya kale inayofanana na piano, katika opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya mtunzi Handel, aliitikia shikamoo yangu, akamshukuru Mungu, kisha akauliza mkataba wenyewe ni wa miaka mingapi. Nikamwambia ni wa siku tatu: siku ya kwanza mazoezi ya okestra, siku ya pili mazoezi ya mwisho pamoja na waimbaji wote, na siku ya tatu tamasha. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "siku tatu ni za msiba, si za kazi."

Nimelikumbuka neno lake mara nyingi, kwa sababu hakuwa amekosea sana. Mkataba mrefu kuliko yote niliyowahi kutia saini ulikuwa wa wiki nane, na mingine karibu yote imekuwa ya siku tatu, nne au tano. Ninaishi Leipzig, mashariki mwa Ujerumani, na riziki yangu inatokana na muziki wa Ulaya ulioandikwa takriban kati ya mwaka 1600 na 1750, ambao huitwa muziki wa baroki, na hasa opera na muziki wa kanisani wa kipindi hicho. Vijana wa kwaya kutoka nyumbani huniuliza namna ya kuingia katika kazi hii, na majibu mafupi ninayowapa kwenye simu ama huwatia moyo kupita kiasi ama huwavunja moyo bila sababu. Hapa nitaeleza kwa kirefu zaidi yale ambayo kazi yenyewe imenifundisha, mengine kwa gharama yangu.

Kufika kwangu Leipzig, wala si London au Paris, kuna historia yake. Misioni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na nyingi kati ya nyimbo ambazo wamisionari wake walikuja nazo ni zile ambazo Johann Sebastian Bach alizipanga kwa sauti nne alipokuwa msimamizi wa muziki katika kanisa la Mtakatifu Thomas la mji huohuo, tangu 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Mimi nilikuja mwaka 2004 kwa mpango wa kanisa wa kubadilishana vijana, nikiwa na kazi ya kusaidia katika nyumba ya wazee. Kwaresima yangu ya kwanza mtu alinipa tiketi ya Pasioni ya Mathayo, yaani simulizi ya mateso ya Bwana iliyotungiwa muziki na Bach, nikaketi ghorofani nyuma ya nguzo, sioni chochote. Kwaya ikaanza wimbo ambao nilikuwa nimeupiga kila Juma Takatifu tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja, ule wa kichwa cha Bwana kilichojaa damu na majeraha. Wimbo huo hurudi mara tano katika kazi ile. Uliporudi mara ya pili nilijikuta vidole vya mkono wa kushoto vinatafuta besi kwenye paja langu.

Mambo ya besi yanahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo yaliyonipa kazi. Kitabu chetu cha nyimbo usharikani kilikuwa na maneno matupu. Baba aliniimbia sauti ya kwanza na sauti ya nne kwa solfa, basi. Kilichobaki katikati nilipaswa kukijaza mwenyewe, tena papo hapo, huku waumini wakivuta wimbo kila mmoja kwa mwendo wake. Miaka michache baadaye mwalimu wangu wa kwanza wa harpsikodi huku Ujerumani aliniwekea karatasi yenye mstari mmoja tu wa nota za chini, na juu yake tarakimu ndogondogo, 6 hapa, 7 pale, 4 ikifuatwa na 3. Akaniambia nipige. Wenzangu waliotoka katika shule nzuri za piano waliiogopa karatasi ile, kwa sababu walizoea kila nota iandikwe. Mimi niliiona kama barua kutoka nyumbani. Karibu muziki wote wa baroki umesimama juu ya mstari huo, ambao huitwa kontinuo: mtunzi anaandika besi na tarakimu za kuonyesha njia, na mpigaji anatunga mengine yote kadiri ya ukumbi, sauti ya mwimbaji na hali ya usiku ule. Zile sauti tatu au nne zinazopigwa pamoja, wapiga gitaa wa kwetu huziita kodi. Nimewahi kumtania Mtanzania mwenzangu kwamba maisha yangu ni kupiga kodi ili nilipe kodi, na utani wenyewe haukuwa mbali na ukweli.

Ili mtu aelewe kwa nini mikataba ni mifupi hivi, inafaa ajue kwamba muziki ni wa kale lakini ajira yake ni changa. Harpsikodi hutofautiana na piano kwa kuwa kila kibonye huinua kijiti chenye ncha inayodonoa uzi, ilhali katika piano nyundo ndogo huupiga uzi. Kufikia mwishoni mwa karne ya 18 piano ilikuwa imeisukuma kando. Opera za Handel, ambazo ni zaidi ya 40, zilitoweka karibu kabisa jukwaani baada ya enzi zake hadi mwaka 1920, Rodelinda ilipofufuliwa katika mji wa Göttingen. Shule ya Basel inayofundisha muziki huu ilianzishwa 1933. Nikolaus Harnoncourt aliunda kundi lake la Concentus Musicus mjini Vienna mwaka 1953, na inafaa vijana wajue kwamba mtu huyu, ambaye leo hutajwa kama baba wa harakati nzima ya kuufufua muziki huu, aliendelea kupiga chelo, fidla kubwa ya sauti nzito, kwa mshahara katika okestra ya kawaida ya mji huo hadi 1969. Makundi ya Ton Koopman wa Amsterdam na William Christie wa Paris yote yalianza mwaka 1979. Baba yangu, aliyezaliwa 1948, ni mkubwa kuliko hayo yote matatu.

Makundi hayo yalizaliwa hivyohivyo, mtu mmoja akikusanya marafiki sebuleni, nje ya majumba ya opera na okestra za miji zenye mishahara na pensheni. Ndiyo maana hata leo makundi mengi hayana mwajiriwa wa kudumu zaidi ya watu wa ofisini: kunapokuwa na kazi wanamuziki huitwa, na kazi ikiisha kila mmoja hurudi kwake. Majumba ya opera nayo yana okestra zenye ajira ya kudumu, lakini yanahitaji mpiga harpsikodi labda kwa opera moja au mbili kwa msimu, kwa hiyo nayo huita mgeni. Zipo nafasi chache za katikati. Halle, mji aliozaliwa Handel mwaka 1685, ulio mwendo mfupi wa treni kutoka kwangu, una okestra ya jumba la opera ambayo sehemu yake, tangu 1993, hupiga ala za mtindo wa kale zenye nyuzi za utumbo wa kondoo, na wanamuziki hao wana mshahara wa mwezi. Kwa nafasi ya namna hiyo mtu husubiri mwenzake astaafu.

Basi nirudi kwenye zile siku tatu za 2011. Nilijiandaa miezi miwili, na karibu muda wote huo niliutumia kwenye aria, kwa sababu ndizo nyimbo nzuri ambazo watu huzikumbuka. Mazoezini aria zilipita haraka. Muda wote uliobaki tuliutumia kwenye resitativu, yaani yale mazungumzo yanayoimbwa kama mtu anavyosema, ambamo okestra hunyamaza na kubaki mwimbaji, harpsikodi na chelo. Hapo ndipo nilipodhani nitaonyesha ujuzi. Kila mwimbaji aliponyamaza nilijaza nafasi kwa mapambo ya vidole, mteremko hapa, mtetemo pale, hadi mwongozaji alipoweka kalamu chini na kuniuliza kwa upole, ambao uliniumiza kuliko ukali: "Yeye ameuliza swali. Kwa nini unamjibu wewe?"

Ukweli ni kwamba sikujua kama lilikuwa swali. Opera zile ni za Kiitaliano, na mimi nilikuwa ninafuata nota, sifuati maneno. Mwimbaji alipovuta pumzi kwa hasira nilimpa kodi laini iliyochelewa, na alipokuwa akiomba msamaha nilimpigia kwa nguvu kama anayefunga mlango. Niliporudi Leipzig nilijiandikisha darasa la Kiitaliano la jioni, pamoja na wastaafu waliokuwa wakijiandaa kwa likizo, nikasoma miaka miwili. Hadi leo, kabla sijagusa kibonye chochote cha opera mpya, huandika tafsiri ya Kiswahili kwa penseli juu ya kila mstari wa resitativu. "Nitakulipizia" haipigwi kama "nihurumie", na mkono hauwezi kujua tofauti hiyo iwapo kichwa hakiijui. Naamini mwaka ule wa kwanza wa Kiitaliano umeniletea kazi nyingi kuliko stashahada yangu.

Watu wamewahi kugombania kiti hiki kwa upanga. Tarehe 5 Desemba 1704, katika jumba la opera la Hamburg, Johann Mattheson alikuwa akiimba katika opera yake mwenyewe ya Cleopatra huku rafiki yake Handel, kijana wa miaka 19, akipiga harpsikodi. Mhusika wa Mattheson alipokufa jukwaani, mwenyewe alishuka kuja kupiga sehemu iliyobaki, kama ilivyokuwa kawaida yake. Handel akakataa kuinuka. Wakatoka nje wakapigana kwa panga, na inasimuliwa kwamba kifungo cha chuma kwenye koti la Handel kiliuvunja upanga wa mwenzake na kumwokoa. Baadaye walipatana. Huwasimulia wanafunzi wangu kisa hiki wanapolalamika kwamba mpiga kontinuo hatajwi kwenye mabango.

Ujuzi unaolisha familia, hata hivyo, si wa vidole tu. Harpsikodi kubwa ya mtindo wa Kifaransa, yenye safu mbili za vibonye, ina vibonye kama 61 na nyuzi tatu kwa kila kibonye, yaani nyuzi 183, na zote hulegea kila hali ya hewa inapobadilika. Piano ina fundi wake. Katika kazi nyingi ninazoitwa mimi, fundi ni mpigaji mwenyewe. Hufika ukumbini saa mbili kabla ya mazoezi, nikiwa na ufunguo wa kukazia nyuzi na uma mdogo wa chuma unaotoa nota ya A. A yetu kwa kawaida ni mitetemo 415 kwa sekunde, karibu nusu sauti chini ya ile ya 440 inayotumiwa na okestra za kisasa, ingawa kwa muziki wa Ufaransa hushuka hadi 392, na kwa baadhi ya kazi za Italia na Ujerumani hupanda hadi 465. Kisha nasikiliza nyuzi mbili kwa pamoja. Zisipopatana husikika wimbi, wau-wau-wau, na kazi ni kulipunguza kasi wimbi hilo bila kuliua kabisa, kwa sababu mlinganisho wa kale haukugawa sauti sawasawa: baadhi ya kodi ni tamu sana, na nyingine zina ukali ambao watunzi waliutumia kwa makusudi penye machozi. Simu za siku hizi zina programu ya kufanya hivyo kwa taa ya kijani na nyekundu. Ninayo, na huitumia ukumbi unapokuwa na kelele za mafundi wa jukwaa, lakini sikio lililozoea taa halisikii wimbi.

Mwaka 2014, wakati wa mapumziko ya opera moja katika ukumbi mdogo, nilijaribu kibonye kimoja cha katikati kikanyamaza. Ncha yake ilikuwa imevunjika. Zamani ncha hizi zilichongwa kutoka kwenye unyoya wa kunguru. Siku hizi nyingi ni za plastiki ngumu, ndogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga. Nilikitoa kijiti, nikaingiza ncha mpya, nikaanza kuichonga kwa kisu kama cha daktari wa upasuaji. Ukiacha nene, nota hiyo itapiga kelele kuliko jirani zake. Ukiikata zaidi ya kiasi, itavunjika kabla pazia halijafunguliwa. Nikakata kidogo, nikajaribu, nikakata tena. Kengele ya kwanza ikalia. Wenzangu wa okestra walirudi na harufu ya kahawa, wakapita nyuma yangu kimyakimya kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye mgonjwa. Kengele ya pili ilipolia, kibonye kiliitika. Mtayarishaji wa onyesho alikuwa amesimama pembeni muda wote ule bila mimi kujua, na kwa miaka sita iliyofuata aliniita kila alipokuwa na opera. Hakuwahi kusema lolote kuhusu namna nilivyopiga usiku ule, na nadhani hata hakumbuki.

Kuna na siku nilizoshindwa. Majilio ya mwaka mmoja niliitwa kupiga Masihi ya Handel katika kanisa la kijijini. Nililinganisha nyuzi saa sita mchana katika baridi iliyonifanya nivae glavu zisizo na vidole, nikaenda kula. Saa tisa mzee wa kanisa, kwa moyo mwema kabisa, aliwasha kipasha joto. Joto hurefusha chuma na shaba, kwa hiyo nyuzi zangu zilishuka. Ala za kupuliza nazo, zikipata joto, hupanda. Watu mia tatu wakaingia na makoti yao yenye theluji, na kufikia aria ya pili mimi na wapiga obo tulikuwa kama makanisa mawili yanayoimba jirani. Mwongozaji yule hakuniita tena. Tangu hapo, swali langu la kwanza ninapopokea simu ya kazi ya majira ya baridi halihusu malipo wala muziki. Nauliza kipasha joto kinawashwa saa ngapi, na nani ana ufunguo wa chumba chake.

Mwaka wetu huku una misimu kama ya mahindi. Desemba na wiki za Kwaresima ndizo za mavuno, kwa kuwa karibu kila kanisa la mji huimba kazi ya Bach ya Krismasi au mojawapo ya Pasioni zake, na kwaya ya wapenzi wa kuimba huajiri okestra ndogo kwa siku mbili. Kazi hizo kwa lugha ya mtaani huitwa Mugge. Wapo wanaozidharau, wakisema zinachosha vidole na hazijengi jina, lakini mimi bila hizo nisingelipa pango. Hapo mara nyingi hupiga kinanda kidogo cha filimbi, si harpsikodi, na huketi karibu na yule mwimbaji wa tena, sauti ya tatu, anayeimba sehemu ya Mwinjilisti, yaani msimulizi wa Injili. Jina hilo bado hunichekesha, kwa kuwa kwetu mwinjilisti ni mtu mwenye pikipiki anayezunguka mitaa ya usharika. Huyu wa Bach naye huzunguka, maskini; niliwahi kupiga na mmoja aliyeimba Pasioni sita katika siku tisa, miji sita, na katika mji wa sita sauti ilimkauka kwenye kilio cha Petro, na ilikuwa mara pekee niliyoona waongozaji, waimbaji na wasikilizaji wote wakilia pamoja naye.

Kwa waimbaji mambo ni magumu zaidi, nami nayasema kama jirani tu. Rafiki yangu mmoja, soprano, huitwa kuimba Handel mara tano au sita kwa mwaka, na siku nyingine hufundisha watoto. Aria nyingi za Handel hurudia sehemu ya kwanza, na katika marudio hayo mwimbaji anatakiwa kutunga mapambo yake mwenyewe. Yeye huyaandika kwa penseli jikoni, huyafuta, huyaandika tena, na wiki moja kabla ya onyesho hunipigia simu tuyajaribu. Mwenye sauti kubwa kama ya opera za karne ya 19 huambiwa anafunika okestra, na mwenye sauti ndogo safi huambiwa hasikiki katika ukumbi wa viti elfu. Wanaume wanaoimba sauti ya juu, kauntatena, wamepata soko kubwa kuliko zamani, kwa kuwa wao au wanawake wa sauti ya kati ndio huimba leo sehemu ambazo Handel aliwaandikia waimbaji waliohasiwa utotoni, kama ile ya Julius Caesar aliyomwandikia Senesino mwaka 1724. Lakini nafasi hizo nazo ni chache, na kila mwaka vyuo hutoa wapya. Huwatajia waimbaji wachanga habari za Emma Kirkby, mmoja wa sauti zilizoheshimiwa kuliko zote katika muziki huu, ambaye alisoma fasihi ya Kigiriki na Kilatini huko Oxford na alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuimba kuwa kazi yake.

Kuhusu rangi yangu nitasema machache. Nimeshaelekezwa mlango wa wasafisha ukumbi nikiwa na nota za mtunzi Monteverdi mkononi, na nimeshaulizwa kama kwetu kuna piano. Yamenichosha kuliko yalivyoniumiza. Yalipungua uzito nilipofahamu kwamba Chi-chi Nwanoku, binti wa baba Mnigeria, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa okestra ya ala za kale ya London, Orchestra of the Age of Enlightenment, mwaka 1986, akipiga besi kubwa, sauti ya chini kuliko zote. Mwaka 2021 Jeanine De Bique wa Trinidad aliimba Alcina ya Handel katika jumba la opera la Paris, nami nilisafiri kwa treni na kulipa kiti cha juu kabisa kumsikiliza.

Fedha. Ujerumani ina mfuko wa bima ya wasanii wa kujitegemea uliofanya kazi tangu 1983: msanii hulipa takriban nusu ya michango ya afya na pensheni, na nusu nyingine hutoka serikalini na kwa wale wanaotumia kazi za wasanii. Ili kukubaliwa ni lazima uthibitishe kwamba sanaa ndiyo kazi yako, na kwamba unapata angalau euro 3,900 kwa mwaka, ukiacha miaka mitatu ya mwanzo. Ufaransa ina njia nyingine: anayefikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 hulipwa posho katika siku asizo na kazi, na wenzangu wa Paris huzihesabu saa hizo kama mfungwa anavyohesabu siku. Vyote hivyo havimsaidii mtu asiyesoma mkataba. Tamasha moja lilichukua miezi saba kunilipa ankara ya siku nne, kwa sababu karatasi niliyotia saini haikutaja tarehe ya malipo, na aibu yangu ya Kichaga ya kudai ilichukua miezi mitano kati ya hiyo saba.

Kisha ukaja Machi 2020. Kitabu changu cha ratiba kilikuwa na kazi kumi na moja kabla ya Pasaka. Zilifutwa zote ndani ya siku nne, na mikataba karibu yote ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba katika janga lisiloweza kuzuilika hakuna malipo. Sikuwa nimewahi kukisoma kwa makini kifungu hicho. Sasa ndicho ninachoanza nacho. Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili, kanisa la Mtakatifu Thomas halikuwa na wasikilizaji, lakini karibu na kaburi la Bach Pasioni ya Yohana ilipigwa na watu watatu: mwimbaji mmoja wa sauti ya tena, mpiga harpsikodi na kinanda, na mpiga ala za kugonga, pamoja na waimbaji wachache wa nyimbo za kusanyiko, ikarushwa kwa intaneti ili watu waimbe nyimbo hizo majumbani. Nilikuwa kilomita mbili kutoka hapo, nimefungiwa ndani na harpsikodi yangu ndogo ya mtindo wa Kiitaliano. Nilimpigia Baba kwa simu ya video, nikaiegemeza kwenye kinanda. Mimi nikaimba sauti ya kwanza kwa Kiswahili, yeye akaimba besi kutoka sebuleni kwake, na kwa kuwa mtandao ulikuwa mzito, besi yake ilifika kila mara nota moja baadaye. Aliendelea hivyo hadi mwisho, bila haraka.

Alikuja kunitembelea Juni 2023, akiwa na miaka 75, nikampeleka Halle wakati wa tamasha la Handel. Opera ilikuwa saa moja jioni. Tulifika saa tisa, nikamketisha kwenye kiti cha mstari wa mbele, nikashuka kwenye shimo la okestra kuanza kulinganisha. Alikaa kimya, koti limefungwa vifungo vyote kama yuko ibadani. Baada ya saa moja akauliza kama kazi hii huifanya kila mara, nikasema kila mara, na mapumziko tena. Akauliza kama wananilipa kwa ajili yake, nikasema hapana, imo ndani. Akatikisa kichwa. Nilipomaliza nyuzi zote nilipiga kodi chache polepole, nikafunika vibonye, nikaanza kukusanya vitu vyangu.

"Rudia ile ya pili," akasema Baba.

Nikairudia.

"Kuna mmoja umeshuka. Sauti ya tatu."

Nilisikiliza tena, nikasogeza sikio, na kweli wimbi lilikuwepo, dogo sana. Nikachukua ufunguo.